Kumsaidia Kijana Atakaye Kuwa Daktari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama katika mkutano wa Chama)



Kamati ilitutaka tuseme habari za elimu, na habari za elimu ni bahari. Atakaye kuisema yote hawezi kuimaliza. Kwa hiyo tumechagua jambo moja tu, ambalo wengi wetu tumelikuta nyumbani mwetu au tutalikuta karibu: kijana wa miaka 15 au 16 asemaye, "Nataka kuwa daktari." Awe ni mwana wa kumzaa, awe ni mpwa au mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini akae kwetu apate kusoma, neno hilo likisha kusemwa huwa ni deni juu ya mwenye nyumba. Je, deni hilo hulipwaje?

Wengine hudhani hulipwa kwa fedha peke yake, na wengine hudhani hulipwa kwa ukali. Sisi twasema hivi, na hotuba yetu yote ni kulieleza neno hili: si kazi yetu kumfanya kijana awe daktari, maana hilo halimo katika uwezo wetu, kazi yetu ni kuangalia asiikose nafasi kwa sababu isiyo akili yake wala moyo wake. Akishindwa na Kemia, hayo ni yake na Kemia. Lakini akishindwa kwa herufi moja ya jina lake katika cheti, au kwa tarehe iliyompita, au kwa kukosa mtu wa kumwonyesha njia, hayo ni yetu sisi wazee wake. Na kwa mtu akaaye mezani na majalada siku zote, ni aibu kubwa.

Kwanza yatupasa kuujua mlango wenyewe. Zamani za babu zetu mlango ulikuwa mmoja na ulikuwa mbali. Mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1924, na kijana wa Tanganyika aliyetaka kazi hiyo alisafiri mpaka huko. Hata Mwalimu Nyerere, alipoeleza hali ya nchi wakati wa uhuru wa mwaka 1961, alitaja madaktari 12 tu. Mwaka 1963 ikafunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam, nayo baada ya kupita mikononi mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, ndicho Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Siku hizi udaktari wafundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara na Zanzibar, na katika vyuo vya watu binafsi. Milango imeongezeka, walakini wabishao hodi nao wameongezeka.

Kiwango cha chini cha kuingia hutangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, iitwayo TCU, katika kitabu cha mwongozo kitolewacho kila mwaka. Kwa miaka ya karibuni aliyetoka Kidato cha Sita hutakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila somo kwa daraja D au zaidi, na jumla ya pointi zisizopungua 6, ambapo A ni pointi 5 na D ni 2. Basi mzazi akisoma hayo husema, "Kumbe si kazi!" Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kiwango cha chini ni ruhusa ya kusimama mstarini. Si kufika dirishani. Vyuo huwapanga waombaji kwa alama zao, wenye nyingi mbele na wenye chache nyuma, na nafasi zikijaa mstari hukatwa. Katika nchi nyingine, kama Uingereza, mwombaji hufanya mtihani wa pekee na kuitwa mbele ya watu wamhoji. Kwetu kwa kawaida hapana mambo hayo. Alama za Kidato cha Sita ndizo zisemazo. Kijana hana pa kujieleza. Karatasi yake ndiyo imsemeayo, na kwa hiyo karatasi yastahili kuangaliwa mapema.

Jambo la pili: mlango huo huanza kufungwa zamani, kabla kijana hajaota ndevu. Katika shule nyingi, Kidato cha Pili kikiisha mwanafunzi huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Kijana wa miaka 14 huliacha somo kwa kuwa mwalimu ni mkali, au kwa kuwa rafiki yake ameliacha, asijue kwamba siku hiyo ameuacha na udaktari. Je, nani wa kumwambia, kama si sisi? Tena mtaala mpya umeanza kutumika kwa hatua tangu mwaka 2024, na kwa hiyo mzazi asitegemee aliyoyajua kwa mtoto wake wa kwanza. Na aende shuleni akaulize.

Baada ya mtihani wa Kidato cha Nne, ufanywao Novemba, kijana atakaye udaktari hana budi kupata nafasi katika tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Machaguo ya shule na tahasusi hujazwa kwa kompyuta, na kwa miaka ya karibuni matokeo yakisha kutoka hufunguliwa nafasi ya kuyabadili kwa siku chache. Twawasihi, msimwachie mtoto ajaze peke yake katika duka la mtaani huku foleni ikimsukuma mgongoni. Kaeni naye. Ulizeni, je, shule hii ina walimu wa masomo yote matatu? Je, ina maabara itumikayo, au ni chumba chenye kufuli? Maana Kidato cha Sita kina mitihani ya vitendo, na kijana ashikaye chombo cha maabara mara ya kwanza siku ya mtihani amekwisha kupoteza alama kabla ya kuanza. Ada za Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali ziliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Basi fedha iliyobaki mkononi na itumike kwa vitabu na nauli, isiliwe kwa harusi.

Jambo la tatu ni karatasi, na hapa twasema na makarani wenzetu kwa lugha yao. Mfungulieni kijana jalada lake. Ndani yake kiwemo cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba zake za mtihani, picha, namba za utambulisho za wazazi, na vyeti vya vifo ikiwa mzazi mmoja au wote wawili wamefariki. Kisha fanyeni kazi mfanyayo kila siku kwa majalada ya watu wengine: linganisheni majina. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa liwe ndilo lililo katika cheti cha mtihani, herufi kwa herufi, na kwa mpango ule ule.

Twamjua binti mmoja, mtoto wa mtumishi mwenzetu, aliyefaulu vizuri na kupata nafasi ya udaktari. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu yake, nacho cheti cha mtihani kilikuwa na jina la ukoo. Alipoomba mkopo, uhakiki wa cheti ukakwama. Ikawa kuandika hati ya kiapo, kurudi wilayani alikozaliwa, kungoja, kuambiwa rudi kesho. Akili ya mtoto haikuwa na ila, na hapana mtu aliyemwonea. Ada haikupatikana kwa wakati, na mwaka ule ukampita. Alikaa nyumbani akiwatazama wenzake wakifunga masanduku. Jambo hilo lingalitengenezwa alipokuwa Kidato cha Pili, kwa safari moja ya basi na subira ya wiki chache.

Tena angalieni mfuatano wa miezi. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanywa Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Katikati hapo vijana wengi huitwa kambini, kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Basi huenda dirisha la maombi ya chuo, na la mkopo pia, likafunguliwa wakati kijana yuko kambini, asiko na kompyuta wala jalada. Ndiyo maana kabla hajaondoka hamna budi kuketi pamoja, mpatane ni vyuo gani, kwa mpango gani, na nani atakayeshika karatasi. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa kwa kila chuo chenyewe, na vyuo vingi vina ada ya maombi. Asiombe kimoja tu kwa kuwa ndicho chenye jina kubwa. Achague kimoja cha matumaini makubwa, na vingine ambavyo alama zake zaweza kuvifikia, na achunguze miaka iliyopita waliochukuliwa walikuwa na alama gani. Na akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, hutakiwa athibitishe kimoja katika siku zilizowekwa, kwa namba ya siri iletwayo katika simu. Wapo waliochaguliwa wakasherehekea, wakasahau kuthibitisha. Namba ya simu itakayoandikwa iwe ya mtu asiyebadilisha laini kila mwezi.

Jambo la nne ni fedha. Shahada ya Udaktari wa Binadamu ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali, kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ada katika vyuo vya watu binafsi ni mamilioni ya shilingi kwa kila mwaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, husaidia wengi. Walakini Bodi hupima uhitaji, na mtoto wa mwenye mshahara huenda akapewa sehemu tu, au asipewe. Upo pia ufadhili ulioanzishwa mwaka 2022 kwa jina la Rais Samia, kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi katika Kidato cha Sita. Hayo yote ni mema, lakini mwenye kungoja mvua huweka na mtungi. Akiba haiozi. Anzeni kuweka mtoto angali Kidato cha Kwanza, hata iwe kidogo, na mahali ambapo mkono wa msiba na arusi haufiki upesi.

Hapa twasema neno moja zito. Katika majira ya maombi hutokea watu wasemao, "Lete fedha, mimi namjua fulani, mtoto ataingia." Mabwana, sisi ni watumishi wa umma. Twajua rushwa ni nini na humfikisha mtu wapi. Atoaye fedha hiyo mara nyingi hupoteza fedha na nafasi pamoja. Na hata akipata, amemfundisha mtoto somo la kwanza la udaktari kuwa ni wizi wa nafasi ya mwenziwe. Je, mgonjwa atamwamini?

Wako na mawakala wa vyuo vya ng'ambo. Hatusemi kusoma nje ni kubaya. Madaktari wengi wema wamesoma huko. Twasema kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni TCU kama chuo hicho chatambuliwa, mkapate hati ya kutokuwa na pingamizi, na ulizeni Baraza la Madaktari mtoto atakaporudi atatakiwa nini. Mwaka 2022 vita ilipoanza Ukraine, wanafunzi wengi wa udaktari kutoka Afrika na Asia walikimbia na mabegi yao katikati ya masomo. Vita haiwezi kutabiriwa na mzazi, lakini kuuliza kwaweza kila mtu.

Jambo la tano, nalo ni gumu kuliko karatasi, ni nyumba yenyewe. Kijana wa kiume akisoma, husemwa, "Mwacheni, asoma." Binti akisoma, huitwa kuja kukaanga vitunguu. Wote wawili watafanya mtihani ule ule, kwa saa zile zile, na msahihishaji hatauliza ni nani aliyeosha vyombo. Ikiwa twataka binti zetu wawe madaktari, na twawataka, basi kazi za nyumba zigawanywe kwa haki, na saa za kusoma za binti ziheshimiwe na wote, na wageni wakiwemo. Tena, msiwanyime vijana usingizi. Tuisheni ya alfajiri, shule mchana, tuisheni ya jioni, na kitabu mpaka saa nane usiku: huyo hasomi, bali aangalia kitabu. Afadhali ajibu mitihani ya miaka iliyopita, swali kwa swali, ajisahihishe, kisha alale.

Na nyumba ina ulimi. Tangu mtoto yuko darasa la tatu twamwita "Dokta" mbele ya wageni, naye hucheka, nasi hufurahi. Miaka kumi ikipita jina hilo huwa mzigo. Matokeo yakiwa si mema, kijana hajui afiche wapi uso wake, maana si mtihani tu alioshindwa. Amelipoteza jina lake. Tumewaona vijana wasioweza kusema "Sitaki," kwa kuwa ukoo wote umekwisha kutaka kwa niaba yao. Basi mwulizeni kijana, faraghani, si mbele ya shangazi zake: wewe mwenyewe wautaka udaktari kwa nini? Mpelekeni azungumze na tabibu wa zahanati ya jirani, na muuguzi, na daktari aliye kazini wilayani. Asikie habari za zamu ya usiku, na za mama mjamzito aletwaye akiwa amechelewa, na za kumwambia mtu kwamba mwanawe hakupona. Asikie pia kwamba wako wahitimu waliomaliza utarajali wakakaa wakingoja ajira. Akiisha kusikia yote hayo akasema, "Bado nautaka," basi huyo autaka kweli, na nguvu yake haitatoka kwetu. Na akisema, "Nimebadili shauri," msihesabu kuwa mmepata hasara. Mmemwokolea miaka sita.

Jambo la sita ni mlango wa pili. Hapana mstari usio na mtu wa mwisho, na wengi wenye akili njema watakatwa. Siku ya matokeo mzazi awe amekwisha kujua la kusema, maana neno la siku hiyo halisahauliki. Na la kusema lipo. Kijana mwenye alama za kutosha za Kidato cha Nne katika masomo ya sayansi aweza kusoma Stashahada ya Utabibu kwa miaka mitatu. Akimaliza ni tabibu, mtu mwenye kazi ya heshima, ambaye katika zahanati na vituo vya afya vingi ndiye mgonjwa amkutaye. Tena, akiwa na wastani usiopungua 3.0, na alama zitakiwazo za Kidato cha Nne, mwongozo wa TCU umemruhusu kuomba udaktari kwa njia hiyo. Kuna uuguzi, ufamasia, maabara na afya ya mazingira. Kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ikiwa alikosa kidogo. Lakini milango hiyo ielezwe mapema, wakati moyo umetulia, ili isije ikaonekana kama makombo baada ya karamu. Hospitali haisimami kwa daktari peke yake, na nyumba isimdharau mtoto aliyeingia kwa mlango mwingine.

Sasa, Bwana Rais, mashauri ni kitu chepesi. Chama hudumu kwa matendo. Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mambo manne madogo. Mosi, Katibu afungue daftari la watoto na walezi wa wanachama walioko Kidato cha Pili mpaka cha Sita, ili tujue ni wangapi na wako wapi. Pili, wachaguliwe wanachama wawili kila mwaka, kazi yao ni kusoma mwongozo wa TCU na ule wa Bodi ya Mikopo mara utokapo, na kuandika tarehe zake katika karatasi hii yetu kwa Kiswahili kilicho wazi. Tatu, kila mwezi wa Januari iwekwe Jumamosi moja ya kukagua majalada, na mwanachama ajuaye kompyuta amsaidie asiyejua, awe ni mhudumu wa ofisi au dereva, bila kuulizana vyeo. Nne, aalikwe daktari mmoja na tabibu mmoja waje kuzungumza na watoto wetu, sisi wazee tukikaa nyuma na kunyamaza.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji ufundi tulio nao tayari, ambao kila siku twautumia kwa barua za watu tusiowajua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana wetu atainama juu ya vitabu vyake miaka mingi, nasi tuiname juu ya jalada lake saa chache. Akifika dirishani akaambiwa "Hapana," iwe ni kwa kuwa wengine walimshinda kwa haki. Isiwe kwa kuwa hapana mtu wa nyumbani aliyesoma tarehe.

Maswali yaulizwe, na mashauri yaliyo bora kuliko yetu yaletwe.